Kodi au Bei? Andikeni Kabla ya Kugombana

Siku moja waliingia watu wawili katika ofisi ya parokia yetu, wote wamekasirika. Mmoja ni mwenye nyumba, wa pili mpangaji wake, amefuatana na mkewe. Walikuwa wamepatana hivi: mpangaji alipe shilingi 100,000 kila mwezi, na baada ya miaka mitano nyumba iwe yake. Alilipa miaka mitatu bila kukosa. Kisha akaugua, ikapita miezi minne bila malipo.

"Zile zote zilikuwa kodi. Toka!" akasema mwenye nyumba, maana alitegemea fedha hizo kwa ada ya mtoto.

"Nimekwisha kununua zaidi ya nusu. Sitoki!" akajibu mpangaji.

Nikaomba karatasi. Zikatolewa risiti 36, zote zimeandikwa: "Nimepokea shilingi 100,000." Za nini? Haikuandikwa.

Njia hii ya mpangaji mnunuzi si mbaya. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, limeuza nyumba kwa njia hiyo. Ubaya ni kupatana kwa mdomo tu. Basi, yafaa tushike mambo matatu.

Kwanza, andikeni mkataba. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka mapatano ya kuuza ardhi yawe kwa maandishi. Andikeni bei kamili, sehemu ipi ya malipo ni kodi na ipi ni bei, siku za kungojea mtu akichelewa, na kiasi atakachorudishiwa akishindwa kabisa. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe.

Pili, mpangaji, ukikosa fedha usijifiche. Nenda mapema, mwandike mpango mpya.

Tatu, mwenye nyumba, usiezue bati wala kung'oa mlango. Peleka shauri Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litaamua.

Wale wawili tuliketi nao hata jioni. Wakakubali miezi minne isogezwe mwishoni, wakatia sahihi mbele ya mashahidi. Mke wa mpangaji, aliyenyamaza muda wote, akaomba nakala yake, akaitia katika kitabu chake cha sala.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni, baada ya chakula, toeni risiti zenu mzisome pamoja.