Maji ya Mimea na Maradhi ya Tumbaku

Mkulima wa Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, ambaye riziki yake aghalabu hutoka katika alizeti, mtama na bustani, huweza kudhani kwamba maradhi ya tumbaku ni msiba wa wenzake wa Manyoni na Urambo tu. Ilhali virusi vya batobato ya tumbaku, ambavyo Mholanzi Martinus Beijerinck alibainisha mwaka 1898 kuwa hupenya chujio linalozuia bakteria, hudhuru nyanya na pilipili vilevile, navyo hudumu miaka mingi ndani ya tumbaku iliyokwisha kukaushwa, hata mvutaji aliyetoka kusokota sigara yake aweza kuvipeleka kitaluni kwa vidole.

Jani lililopatwa, ukiliinua juani, huonyesha mabaka ya kijani kilichokoza yakipakana na mabaka yaliyofifia, na mche hudumaa.

Je, mmea mmoja waweza kuukinga mwingine? Waweza, lakini kwa kiasi. Mwaka 1925 wataalamu wa Marekani, Duggar na Armstrong, walichanganya utomvu wa tumbaku yenye maradhi na maji ya mmea uitwao Phytolacca, na walipoyapaka majani mazima mchanganyiko huo, maradhi karibu yasishike kabisa. Baadaye ikadhihirika kuwa mmea huo una protini inayozuia virusi visizaliane. Hiyo ni kinga ya kutangulia, wala si tiba: virusi vikishaenea mwilini mwa mche, hakuna maji ya mmea yatakayovitoa.

Mwarobaini nao una fadhila zake, tena kubwa. Dawa iliyomo katika mbegu zake huwavuruga wadudu wasiweze kujivua gamba na kukua, na mashudu yake yakichanganywa na udongo hupunguza minyoo midogo inayoifanya mizizi ya tumbaku iwe na vinundu. Jua huiharibu dawa hiyo upesi, kwa hiyo hunyunyizwa jioni. Lakini kuinyunyiza juu ya batobato, kwa maoni yangu, ni kupoteza mbegu na jasho, kwani maradhi haya hayaenezwi hasa na wadudu, bali na mikono, visu na nguo za watu.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya kutwanga chochote utambue kwanza ugonjwa ulio nao. Ng'oa miche yenye batobato mapema, usivute tumbaku bustanini, na uoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya nyanya.