Timorasso: zabibu iliyoponzwa na hesabu, ikaokolewa na bei

Ardhi ya mizabibu inagombewa siku hizi kwenye vilima vya Tortona, kusini-mashariki mwa Piemonte nchini Italia. Wazalishaji wenye majina katika mvinyo mwekundu wa Barolo, wakiwemo Vietti, La Spinetta na Borgogno, wamefika kutafuta mashamba. Kinachowavuta ni Timorasso, zabibu nyeupe ya asili ya huko, ambayo katika miaka ya 1980 ilisalia kwenye hekta chache tu.

Kilichoiponza ni hesabu za shamba. Mwishoni mwa karne ya 19, mdudu filoksera aliteketeza mizabibu ya Ulaya. Wakati wa kupanda upya, wakulima wa Tortona walichagua zabibu za Barbera na Cortese, zinazozaa kwa uhakika. Timorasso inasumbua: maua hupukutika, na kichala kimoja hubeba punje za manjano zilizoiva pamoja na za kijani, chachu. Zao la namna hiyo linataka mikono mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana walikimbilia viwanda vya Milano, Torino na Genova. Waliobaki waliuza mvinyo wa bei ya chini, na kwa bei hiyo Timorasso haikulipa.

Walter Massa, mkulima wa Monleale, aliamua kuijaribu upya. Mwaka 1987 alitengeneza mvinyo wa Timorasso tupu, bila kuichanganya na zabibu nyingine. Ulitoka mzito, wenye asidi kali na uwezo wa kukaa chupani miaka mingi. Ukikomaa hunukia asali, na hata mafuta ya taa, kama mvinyo mzuri wa zabibu ya Riesling. Wenzake walimfuata. Mvinyo wakauita Derthona, jina la Tortona enzi za Warumi. Huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara: mche wa Timorasso unaweza kupandwa kokote, lakini Tortona haihamishiki.

Leo mashamba ya Timorasso yanafikia mamia ya hekta, na hatari imegeuka sura. Ardhi inapanda bei, na mvinyo huu kwa kawaida husubiri mwaka na zaidi kabla ya kuingia sokoni, hivyo mtaji hulala ghalani. Mwenye fedha atamudu. Kijana mwenyeji atahitaji mkopo wa masharti nafuu. Bei nzuri imeiokoa zabibu. Sasa inabidi imfikie na mkulima mdogo aliyeitunza wakati haikuwa na mnunuzi.