Fizikia ya sufuria, ya mazuku na ya chukudu

"Fizike iko nguvu." Maneno hayo utayasikia kwa wanafunzi wengi wa secondaire, iwe Goma, Bukavu ao Butembo. Mara nyingi si akili inayokosekana. Mwalimu anaandika formula kwa Kifaransa ubaoni, mwanafunzi anaikopi kwenye kaye, anaikariri mpaka siku ya interro, kiisha inapotea. Hakuna mutu aliyemwonyesha kwamba formula ile inasema juu ya kitu anachokiona kila siku kwao.

Shule nyingi hazina laboratware, hiyo inajulikana. Lakini kuna masomo ambayo hayaombi mashine. Njia ni moja: mwalimu aulize swali kwanza, wanafunzi wabahatishe jibu, wajaribu, na formula ije mwisho. Hii hapa mifano mitatu ya kwetu.

Kwa nini maharagi yanachelewa kuiva?

Uliza darasa: maji yanatokota kwa digri ngapi? Wote watajibu 100. Ni kweli, lakini kando ya bahari. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya usawa wa bahari. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyo juu yetu inapungua, na uzito wake unaokandamiza maji unapungua pia. Basi maji yanatokota mapema: kila metre 300 hivi, inapungua digri 1. Wanafunzi wafanye hesabu wenyewe. Goma na Bukavu watapata karibu 95. Kalemie, kando ya Tanganyika, karibu 97. Ndiyo sababu moja maharagi ya huku juu yanataka muda mrefu zaidi.

Sasa swali la pili: maji yakisha kutokota, ukiongeza makala, yatapata joto zaidi? Wengi watasema ndiyo. Jibu ni hapana. Katika sufuria ya kawaida, joto unaloongeza linatoka na mvuke, maji yanabaki palepale kwenye digri 95. Sufuria inayochemka polepole ikiwa imefunikwa inapika sawasawa na ile inayorusha maji pande zote. Mutoto akilipeleka somo hilo nyumbani, mama atapunguza moto maji yakisha kutokota, na mfuko wa makala utadumu. Hapo neno "pression" si neno la kukariri tena.

Kwa nini mazuku inakaa chini?

Watoto wa Goma na Sake wanajua jina mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika eneo hili la volkano na kujaa mahali penye mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo hauko. Huwezi kuiona. Imeua mbuzi, mbwa na watu. Lakini kwa nini haiendi juu kama moshi?

Mwalimu achukue beseni lenye kina, asimamishe ndani mishumaa miwili, mmoja mfupi na mwingine mrefu, aiwashe. Chini amwage bikarbonate ya jikoni. Aulize: nikitia maji ya limau, mshumaa gani utazimika kwanza? Aache wabishane kidogo, kiisha atie limau polepole pembeni, bila kugusa moto. Povu inatokea, na mshumaa mfupi unazimika kwanza. Mrefu unaendelea kuwaka.

Gesi iliyotoka katika povu ni ileile ya mazuku. Ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inajaza beseni kuanzia chini, sawa vile maji. Hapo mwalimu aandike "masse volumique" ubaoni. Kiisha aulize swali kubwa kuliko yote: kati ya mutu mzima aliyesimama na mutoto aliyelala chini, nani ni mshumaa mfupi?

Darasa litanyamaza, kwa sababu wameelewa. Wataelewa pia kwa nini hairuhusiwi kulala ao kuchezea katika mashimo hayo, na kwa nini ukimwona mutu ameanguka ndani, kushuka kumchukua peke yako ni kuanguka naye. Ita watu wazima, ita msaada. Jaribio hili lifanyike darasani pekee, madirisha yakiwa wazi. Hakuna mutu wa kwenda kujaribu kwenye mazuku yenyewe.

Chukudu ikishuka mlima

Chukudu iliyobeba magunia inashuka, breki yake ni kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma. Uliza: mwendo ukiongezeka mara mbili, itahitaji nafasi ngapi zaidi ili isimame? Wengi watasema mara mbili. Jibu ni mara nne, kwa breki ileile na barabara ileile. Formula ya nishati ya mwendo ina alama ndogo ya 2 juu ya mwendo, na alama hiyo ndogo ndiyo inayofanya hesabu iruke hivyo. Ni hesabu ileile kwa moto na kwa gari. Mwanafunzi anayeijua hatavuka barabara ovyo mbele ya moto inayokuja mbio.

Lugha isiwe ukuta

Mtihani wa serikali uko kwa Kifaransa, kwa hiyo maneno ya Kifaransa lazima yafundishwe. Lakini mutoto anaweza kuelewa kwanza kwa Kiswahili, kiisha kupewa jina la kitabuni. Anayejua kitu hupata jina lake upesi. Anayejua jina peke yake, swali likigeuzwa kidogo tu, anapotea.

Mzazi naye asiseme hii ni kazi ya mwalimu. Jioni, sufuria ikiwa juu ya mbabula, muulize mutoto: maji haya yana digri ngapi, na kwa nini si 100? Akikueleza vizuri, ujue somo limeingia. Kiisha punguzeni makala.