Neno 'baraza' lilimaanisha nini kwenye magazeti ya zamani?

Ukiwa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, ukisikia "leo kuna baraza kwa chifu," picha inakujia mara moja: wazee chini ya mti, chifu na kofia yake, na hotuba ndefu kuhusu pombe haramu. Vijana wengi hujifanya hawajasikia. Kumbe neno hilo limetoka mbali, na watu wa Ukambani walilipigania.

Tuanze Pwani. Mjini Lamu, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba. Majirani huketi hapo jioni kupiga gumzo, na apitaye hukaribishwa akachangia. Wakamba nao walikuwa na thome, uwanja wa nje ya boma ambapo wanaume waliota moto wakijadili mambo ya kijiji.

Wakoloni walilichukua neno hilo wakaligeuza. Ukifungua magazeti ya Kiingereza na ripoti za ma-DC za enzi hizo, utalikuta bila tafsiri, tena limeongezewa "s" ya wingi kama neno lao wenyewe: barazas. Lakini katika baraza hilo DC ndiye aliongea, na wananchi wakasikiliza. Palitangazwa kodi, palitangazwa amri.

Mwaka 1938 amri ilikuwa kupunguza mifugo. Serikali ilidai kwamba ng'ombe wa Wakamba wanaharibu ardhi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, iliwaka. Maelfu ya watu, wake kwa waume, walielekea Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, yule ambaye barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Unaona walichotaka? Kwa DC walikuwa wameambiwa vya kutosha. Safari hii walitaka mkubwa aketi awasikilize. Mbingu alikamatwa akahamishiwa, ajabu ya mambo, Lamu, mji wa mabaraza yenyewe. Hata hivyo serikali ilirudi nyuma, ikaacha kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe.

Mwaka uliofuata, 1939, kampuni ya gazeti la East African Standard ilianzisha gazeti la Kiswahili la kila wiki. Jina lake? Baraza. Wenye gazeti walikuwa Wazungu, lakini kati ya wahariri wake wa mwanzo alikuwemo Francis Khamisi, mtu wa Pwani. Wasomaji walituma barua na mashairi, wakabishana na kujibizana kutoka miji tofauti. Kwenye kurasa hizo neno lilirudia maana yake ya kwanza: mahali ambapo hata wewe una zamu ya kuongea.

Baada ya uhuru, huko vijijini maana ya DC haikufa. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1997, kuitisha mkutano wa hadhara kulihitaji leseni. Kwa hivyo mkutano ambao ungehudhuria bila wasiwasi mara nyingi ulikuwa wa chifu.

Leo mambo ni mengine. Katiba ya 2010 imetaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, na sheria inazitaka kaunti ziwasikilize wakazi kabla ya kupitisha bajeti. Makueni ilijipatia sifa kwa hilo chini ya gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, kwa mikutano iliyoanzia vijijini ambapo wakazi walijadili miradi wanayoitaka. Haki hiyo hiyo unayo ukiwa Kitui.

Sasa basi, tangazo la mkutano wa bajeti likitua kwenye grupu ya WhatsApp ya wadi yenu, usilipite tu. Mnataka kisima, zahanati, au uwanja wa mpira? Nenda ukaulize pesa ngapi zimetengwa, na za nini. Ukiketi kimya, hilo ni baraza la DC. Ukiinua mkono, ni la kwako.