Udhahiri katika Sheria ya Hataza: Mfano wa Mbegu Zinazostahimili Dawa ya Magugu

Ili uvumbuzi upewe hataza, sharti uwe mpya, uweze kutumika katika uzalishaji, na usiwe dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida wa fani inayohusika. Sharti hili la mwisho limo pia katika Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987, nalo humtatiza mfasiri, kwani ni rahisi kuandika "wazi" mahali pa "dhahiri".

Maneno haya mawili hayana budi kutenganishwa. Jambo lililo wazi limekwisha kutangazwa. Kwa hiyo si jipya. Jambo lililo dhahiri huenda halijatangazwa popote, ila mtaalamu anayezijua habari zilizotangulia angelifikia bila shida.

Tuchukue mfano wa glaifoseti, dawa ya magugu iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Monsanto mwaka 1974. Mwaka 1980 watafiti wa Ujerumani walibainisha kimeng'enya cha mmea kinachozuiwa na dawa hiyo. Mwaka 1983 Luca Comai na wenzake walieleza jeni ya bakteria inayostahimili dawa hiyo, na mwaka 1985 wakaitia katika tumbaku. Soya ya Monsanto, yenye jeni ya bakteria wengine waitwao CP4, iliingia sokoni Marekani mwaka 1996.

Je, hatua kama hiyo ni dhahiri? Mpinzani wa hataza aweza kudai kwamba njia ilikwisha kuonyeshwa, na kubadili jeni moja kwa nyingine si uvumbuzi. Mwenye hataza aweza kujibu kwamba kimeng'enya kinachostahimili dawa mara nyingi hupungukiwa nguvu ya kufanya kazi yake, hata mmea ukadhoofu. Basi kupata kinachotimiza yote mawili hakukutazamiwa.

Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika shauri la plau la mwaka 1966, iliagiza yapimwe maarifa yaliyotangulia, tofauti iliyopo, na kiwango cha ujuzi wa fani. Mwaka 2007 iliongeza kwamba jambo lililokuwa dhahiri kulijaribu laweza kunyimwa hataza, iwapo njia zilikuwa chache na matokeo yakitazamiwa. Kwa hiyo "dhahiri kujaribu" na "dhahiri kufanikiwa" zisichanganywe.

Aidha, mfasiri ailinde -nge- au -ngeli-. Sheria haiulizi kama jambo ni dhahiri leo, bali kama lingelikuwa dhahiri wakati ule. Baada ya kufumbuliwa, kila kitendawili ni chepesi.

Tofauti hizi si za wanaisimu peke yao. Mwaka 2013 Mahakama hiyohiyo iliamua kwamba mkulima Vernon Bowman wa Indiana hakuwa na haki ya kuzalisha soya yenye hataza kwa kupanda mbegu alizovuna bila idhini. Hataza ikibatilishwa kwa udhahiri, kizuizi cha namna hiyo huondoka.

Tunapendekeza basi: "wazi" kwa kilichotangazwa; "dhahiri" na "udhahiri" kwa kinachofikiwa kwa ujuzi wa kawaida; na "hatua ya uvumbuzi" kwa kinachouvuka ujuzi huo.