Je, Wajua? Bibi wa Warsaw na Mambo ya Kasri

Je, wajua kwamba Anna Potocka, mwandishi wa kumbukumbu mashuhuri za Poland, alikuwa wa ukoo wa kifalme? Babu yake mzaa mama alikuwa kaka wa Stanisław August Poniatowski, mfalme wa mwisho wa nchi hiyo.

Je, wajua kwamba alikua huku nchi yake ikimegwa? Urusi, Prussia na Austria ziligawana Poland mwaka 1772, 1793 na 1795. Baada ya mgawo wa tatu, mfalme alijiuzulu.

Je, wajua kwamba aliandika kwa Kifaransa, lugha ya makabaila wa Ulaya zama zile? Masimulizi yake yanaanzia 1794 hadi 1820. Alifariki 1867, kitabu kilitoka Paris 1897.

Je, wajua kwamba alimwona Napoleon kwa karibu? Kaizari huyo wa Wafaransa aliingia Warsaw Desemba 1806. Anna anasimulia dhifa, ngoma na habari za Maria Walewska, aliyemzalia Napoleon mtoto wa kiume, Alexandre. Mtoto huyo alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa mwaka 1855.

Je, wajua kwamba habari za kushindwa kwa Napoleon zilifika hadi nyumbani kwake? Desemba 1812, akirudi kutoka Urusi, Napoleon alipita Warsaw kimyakimya na kumwita baba mkwe wa Anna, Stanisław Kostka Potocki. Mkalimani katika safari hiyo, Stanisław Dunin-Wąsowicz, baadaye alikuwa mume wa pili wa Anna.

Je, wajua kwa nini wanahistoria wanamthamini? Taarifa za majenerali huhesabu askari na mizinga. Anna anaonyesha tabia za wakubwa, mavazi, fununu na nani alipendelewa, mambo yaliyoamua vyeo na hatima za watu.

Je, wajua kwamba anapaswa kusomwa kwa uangalifu? Alimpenda mno Mwanamfalme Józef Poniatowski, binamu ya mama yake, hata akamjengea tao la kumbukumbu huko Jabłonna. Sifa anazommiminia zilinganishwe na barua na nyaraka za wakati huo.

Hata hivyo, anayetaka kujua maisha ya kasri za Poland wakati wa Napoleon asimruke Anna Potocka. Wanawake waliokaa ndani ya kumbi hizo ni mashahidi kamili wa historia, na ushahidi wao unastahili kusomwa.