RAM kuingia kwenye nafasi yake si hakikisho kwamba kompyuta itaikubali

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, Kenya, mwenye kompyuta kuukuu ya mezani anaweza kuiongezea RAM, yaani kumbukumbu ya muda, badala ya kununua kompyuta mpya. Hata hivyo, uteuzi mbaya huweza kumpotezea fedha zake.

La kwanza kuangaliwa ni kizazi cha RAM. Kipande cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR3, kwa kuwa mkato wake uko mahali tofauti. Umeme wake pia ni tofauti: volti 1.2, ilhali DDR3 ya kawaida hutumia 1.5. Kinachogoma kuingia kisilazimishwe.

Mtego mkubwa ni kipande kinachoingia vyema, kisha kompyuta ikatoa milio tu. RAM za DDR3 za seva zenye rejista hutoshea nafasi hiyohiyo, lakini kompyuta za kawaida za mezani hazizikubali. Aidha, kila ubao mama una kikomo chake, na Windows ya biti 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya gigabaiti 4.

Kompyuta ikigoma, umeme ukatwe, RAM ya zamani irudishwe peke yake, kisha kila kipande kijaribiwe kimoja kimoja. Ikiwaka kwa cha zamani pekee, tatizo li katika kipya au katika kutopatana kwake na ubao. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi hana budi kwenda na kipande cha zamani dukani na kuafikiana na muuzaji kuhusu kurudisha kisichofaa.